Maandamano ya mtaani kwa haki za kidijitali: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya katika vikao vya mtaa, ndani ya matatu tukirudi kutoka mahakamani, na katika jumbe za usiku wa manane za watu wanaopanga maandamano yao ya kwanza. Majibu yanahusu Kenya, maana ndiko tunakoandamana na sheria zake ndizo zilizotupitia mwilini. Jirani zetu wa Uganda na Tanzania wana swali lao huko chini. Ya notisi, simu na kukamatwa tumeyakalia zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Haki za kidijitali ndizo zipi hasa?

Ni haki zile zile za Katiba ya 2010, zikiwa zimeingia ndani ya simu. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako, mawasiliano yako yakiwemo. Cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza. Cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ukikamatwa kwa sababu ya chapisho, ukitakiwa kutoa alama za vidole bila kuambiwa zitahifadhiwa wapi, mtandao ukizimwa siku unayouhitaji, laini yako ikifuatiliwa bila amri ya mahakama, umeguswa katika haki hizo.

Wengi hudhani ni mambo ya vijana wa kompyuta. Albert Ojwang alikuwa mwalimu. Alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa madai ya chapisho la mtandaoni lililomhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na siku iliyofuata alikuwa amekufa akiwa mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua maiti wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na alama za kipigo mwilini. Kila mtu anapotuambia haya ni mambo ya hewani, tunamtajia jina hilo.

Kwa nini tutoke barabarani ilhali tuna mtandao?

Kwa sababu mtandao una swichi, na swichi haiko mikononi mwetu. Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilituhakikishia kwamba haina nia ya kuuzima. Kesho yake, waandamanaji wakiwa wameingia Bunge kupinga Mswada wa Fedha, mtandao ulilegea nchi nzima. Kampuni za simu zikasema ni hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Mwaka mmoja baadaye, 25 Juni 2025, mamlaka hiyo hiyo iliagiza televisheni na redio ziache kupeperusha maandamano moja kwa moja, na matangazo ya vituo kadhaa yakakatwa hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo hilo.

Barabara nayo hufungwa kwa seng'enge, hilo tumeliona. Lakini mtu aliyekuona umesimama Tom Mboya Street na bango lako hawezi kufutiwa alichokiona. Tena barabarani unakutana na asiye na bando, na asiye na bando ndiye anayeandikishwa kwenye kila mfumo mpya bila kuulizwa.

Mimi nauza mboga sokoni. Hili linanihusu wapi?

Swali hili tunalipenda kuliko yote. Likijibiwa vibaya, maandamano yanabaki ya watu wachache wenye vipakatalishi.

Kumbuka 2019. Watu walipanga foleni za Huduma Namba, mfumo wa serikali wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, kuanzia alfajiri kwa kuwa waliambiwa asiyejiandikisha atakosa huduma. Sheria ya mfumo huo ilitaka hata vinasaba vya mwili na mahali hasa unapoishi. Wanubi wa Kibra, ambao kwa miaka mingi wamehojiwa na kuzungushwa ili wapate kitambulisho tu, waliona mapema kwamba asiye na karatasi ndiye atakayefungiwa nje. Jukwaa lao la Nubian Rights Forum, pamoja na mashirika mengine, likaenda mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kuchukua vinasaba na mahali mtu alipo ni kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo mzima unahitaji sheria madhubuti za kulinda data. Oktoba 2021 mahakama ikasema kutolewa kwa kadi kulikuwa batili, kwa kuwa hakuna aliyepima kwanza hatari kwa data za watu.

Kumbuka pia 2023, foleni za ukumbi wa KICC, Nairobi, za kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin, mradi wa sarafu za mtandaoni, kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Hakuna haja ya kumcheka aliyepanga foleni ile. Elfu saba ni kodi ya nyumba. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe.

Kwa hiyo mama, unapotuuliza linakuhusu wapi, tunakuuliza: ni nani ana alama za vidole vyako, na ulimpa kwa hiari? Uliza swali hilo sokoni, kisha kaa kimya usikilize. Mabango yenu mtayapata hapo hapo.

Je, ni lazima tupate kibali cha polisi?

Hapana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi ya malalamiko na kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inadai kitu kimoja: notisi. Unamjulisha mkuu wa kituo cha polisi, yule tunayemwita OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Notisi iwe na jina kamili la mwandalizi na anwani ya mahali anapopatikana, tarehe, saa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mahali mtakapokutana au njia mtakayopita.

Angalieni maneno mnayoandika. Barua nyingi za mara ya kwanza huanza na "Tunaomba ruhusa ya...". Ukiomba ruhusa umempa mtu nafasi ya kukunyima. Andika "Tunakujulisha kwamba..." na utaje Kifungu cha 37 katika sentensi ya kwanza. Chapeni nakala mbili. Moja ibaki kituoni, nyingine irudi nanyi ikiwa na mhuri, tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Nakala hiyo yenye mhuri ni mali. Piga picha, itume kwa wakili, na siku ya maandamano iwe mfukoni mwa watu wasiopungua wawili.

Kuna sababu moja iliyoandikwa wazi ya OCS kukuambia tarehe haifai: kuna kundi jingine lililotangulia kutoa notisi ya siku hiyo, mahali hapo. Hapo anatakiwa akujulishe bila kuchelewa ili mchague siku nyingine. Sheria inampa pia uwezo wa kuzuia mkusanyiko usio na notisi, au wenye hatari dhahiri ya kuvunja amani. Kifungu hicho cha hatari ndicho kinachotumiwa vibaya, kwa hiyo msimpe pa kukishikia.

OCS amekataa kupokea notisi. Tufanyeje?

Ni jambo la kawaida. Kituo kimoja kilituweka kwenye benchi kutoka asubuhi hadi alasiri, kila afisa akisema mwenye mhuri ametoka. Tangu siku hiyo tunakwenda watu wawili, mmoja akiwa mzee wa mtaa au mtu wa kanisa au msikiti anayeheshimiwa pale, na tunakwenda siku ya saba kabla ya maandamano, si ya tatu.

Akikataa, mwandikie hapo hapo, mbele yake, kwenye nakala yako: saa, tarehe, jina lake au namba yake ya utumishi, na sababu aliyotoa. Msibishane. Kisha pelekeni notisi kwa kamanda wa polisi wa juu yake, mtume nakala kwa barua pepe na kwa posta ya rejesta, na mmpe wakili kila kitu. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kabla ya siku yenyewe. Julai 2024 polisi walitangaza marufuku ya maandamano katikati ya Nairobi wakisema hakuna kiongozi wa kushughulika naye. Mahakama ikaisimamisha marufuku hiyo.

Basi kiongozi awe nani? Vijana wa 2024 walisema hawana kiongozi.

Walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na ilikuwa ngao nzuri: huwezi kumnunua mtu ambaye hayupo. Lakini notisi inataka jina, na sheria inataka mwandalizi au mwakilishi wake awepo mwanzo hadi mwisho. Tunachofanya ni kutenganisha jina na uamuzi. Uamuzi unafanywa na kikao. Jina kwenye notisi ni la mtu aliyekubali kwa hiari, mwenye wakili tayari, asiye na mtoto mchanga wala kesi nyingine, na anwani ni ya ofisi, si ya nyumbani kwake. Tunazunguka: aliyeandikwa safari hii haandikwi safari ijayo. Usimwandike kijana kwa sababu tu ana ujasiri.

Tuanze na watu wangapi?

Kumi na tano wanaojuana wanatosha. Usianze kwa kutengeneza bango la mtandaoni. Anza kwa chama cha akina mama, stendi ya bodaboda, kinyozi, timu ya mpira. Ukisambaza bango kabla ya kuwa na watu, polisi watafika kabla ya marafiki zako.

Madai tuyaandike vipi?

Ofisi moja, kitendo kimoja, tarehe moja. "Tunataka uhuru wa mtandao" halina mtu wa kulijibu. "Mamlaka ya Mawasiliano ichapishe maagizo yote iliyowapa watoa huduma za mtandao kati ya 1 Juni na 31 Julai 2024" lina mlango wa kugongwa na karani wa kupokea barua.

Kabla ya kuandamana, ombeni habari hizo kwa maandishi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu inatakiwa ndani ya saa 48. Wakijibu, mna ushahidi. Wakinyamaza, mna bango: barua yenyewe, ikiwa imekuzwa, na mhuri wake ukionekana. Tumebeba mabango mengi, na hakuna lililosimamisha wapita njia kama barua yenye mhuri isiyojibiwa.

Na msibandike nambari za simu za watu. 2024 nambari za wabunge zilisambazwa kila kona, na tunajua hasira ilikotoka. Lakini anayeandamana kwa ajili ya faragha asianze kwa kuivunja. Anwani za ofisi zinatosha. Rose Njeri alitengeneza ukurasa wa kumwezesha mwananchi kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha wa 2025, jambo ambalo Bunge lenyewe hualika watu wafanye. Alikamatwa tarehe 30 Mei, akalala ndani wikendi yote ya Madaraka, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao. Tarehe 20 Juni mahakama ikasema hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote. Kwa sababu alibaki kwenye mlango wa umma, kesi ilikosa mguu wa kusimamia.

Niende na simu au niiache nyumbani?

Inategemea kazi yako siku hiyo, na hili liamuliwe mapema, si kila mtu peke yake asubuhi.

Simu ikiwa imewashwa huzungumza na minara iliyo karibu, na kampuni ya simu inaweza kujua ulikuwa eneo gani saa ngapi. Hilo halitegemei simu janja. Mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe, nayo ni vile vile. Kuna wanaonunua mulika mwizi wakidhani wamejificha. Faida yake ni nyingine: ikikamatwa haina picha, haina vikundi, haina barua pepe, na chaji inadumu. Hasara ni kwamba simu na SMS za kawaida hazijafichwa, kampuni inaweza kuziona.

Kwa wengi wetu ushauri ni huu. Mpiga picha, msaidizi wa wakili na muuguzi wana simu. Wengine wawe wawiliwawili, na kila jozi iwe na simu moja. Simu inayokwenda ifunguliwe kwa namba ndefu, tarakimu sita au zaidi. Zima kufungua kwa kidole na kwa uso, maana kidole chako kinaweza kushikwa na mtu mwingine. Zima ujumbe unaojitokeza juu ya skrini iliyofungwa. Toka kwenye vikundi usivyovihitaji siku hiyo. Mazungumzo ya kupanga yafanyike kwenye programu ya Signal, ujumbe ujifute baada ya siku moja. WhatsApp nayo huficha maneno, lakini kikundi cha watu mia tatu si siri hata kingekuwa wapi: mmoja akikamatwa simu ikiwa wazi, nambari za wote mia tatu zimekamatwa naye.

Andika nambari ya wakili kwa kalamu ya wino kwenye mkono. Karatasi hulowa.

Wakizima mtandao katikati ya maandamano?

Panga kana kwamba watauzima. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kuzuia mamlaka kuuzima au kuuvuruga, baada ya mashirika saba kwenda mahakamani, na amri hiyo tunaithamini. Lakini amri haiwashi data yako saa nane mchana.

Kubalianeni kabla: mahali pa kukutana mkitawanyika, mahali pa pili kama pa kwanza pamezingirwa, na saa ya mwisho ambayo kila jozi itakuwa imejihesabu kwa mtu mmoja aliye nje ya eneo. Mtu huyo anakaa nyumbani na daftari na simu ya kawaida yenye muda wa maongezi, si bando. Simu za kawaida mara nyingi hubaki zikifanya kazi data ikikatwa. Pakua VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wako kwa njia ya mzunguko, na ramani ya mji mapema; VPN husaidia programu moja ikifungwa, kama Telegram ilivyofungwa Novemba 2024 wakati wa mitihani ya KCSE ya kumaliza sekondari, lakini mtandao wote ukikatwa VPN haina pa kupita.

Na andikeni. Mtandao ukilegea, andika saa, mahali, kampuni ya laini yako, na kilichogoma kufunguka. Daftari kumi za watu kumi kutoka mitaa kumi ni ushahidi ambao mawakili huutafuta wakaukosa, kwa sababu kila mtu alidhani ni simu yake tu.

Tupige picha gani, na tusipige zipi?

Elekeza kamera kwa mamlaka, usiielekeze kwa jirani yako. Umati upigwe kwa nyuma au kwa mbali, mabango yakionekana na nyuso zisionekane. Usimpige mtoto. Usimpige mchuuzi ambaye hakuja kuandamana. Kabla ya kuchapisha, ziba nyuso kwa rangi nzito. Ukungu mwepesi unaweza kuondolewa. Usirushe moja kwa moja, isipokuwa kuna mtu anashambuliwa na kuonekana ndiko kutakakomwokoa. Matangazo ya moja kwa moja yanamwonyesha kila mtu mlipo, hata msiyemtaka.

Ukinasa kitendo cha kikatili, faili halisi ndiyo ushahidi. Usiikate, usiipambe kwa maneno. Ukituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali, kwa hiyo itume kama hati na uhifadhi ya asili kwenye simu iliyonasa. Mahakamani, ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na anayetoa cheti lazima aeleze kifaa kilichonasa na faili ilivyohifadhiwa. Ukiuza simu hiyo mwezi ujao, umeuza kesi ya mtu.

Tarehe 17 Juni 2025, katika maandamano ya kudai haki ya Ojwang, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa kwa karibu na polisi katikati ya Nairobi, akafariki hospitalini kabla ya mwezi kwisha. Kamera zilikuwepo, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema alijigonga ukutani.

Wahuni waliokodishwa wakija?

Siku hiyo hiyo walikuja kwa pikipiki, na rungu na mijeledi. Usipigane nao, wanalipwa ili picha ya vurugu ipatikane. Kaeni na watu wa fulana za rangi moja kila pembe ya msafara, wenye firimbi. Filimbi mbili fupi: simameni. Moja ndefu: ondokeni kwa njia mliyokubaliana. Anayerusha jiwe ndani ya msafara wenu, kaeni chini nyote mkimwacha amesimama peke yake. Ni rahisi, na inafanya kazi kuliko kumkemea.

Agosti 2024 Mahakama Kuu iliagiza polisi wanaoshughulikia maandamano wavae sare na wasifiche nyuso zao. Ukiona mtu wa kofia na barakoa ana bunduki na gari lisilo na namba, hilo ndilo la kunasa kwanza.

Vitoa machozi?

Ondoka ukielekea upande upepo unakotoka. Usisugue macho. Osha kwa maji safi mengi, si kwa dawa ya meno wala siki. Usivae lenzi za macho. Mwenye pumu abebe dawa yake au abaki na kazi ya nyumbani.

Mwenzetu amekamatwa. Tufanye nini kwanza?

Jina lake, kwa sauti. Anayekamatwa apige kelele jina lake kamili, na aliye karibu alirudie hadi mtu wa daftari alipate. Andika saa, mahali, namba ya gari. Mtu asiyejulikana yuko wapi ndiye aliye hatarini zaidi. 2024 na 2025 zimetufundisha hilo kwa machungu.

Kisha tumeni watu wawili kwa kila kituo cha karibu, si umati. Waulize kama ameandikwa kwenye kitabu cha matukio na waombe namba ya OB, yaani namba yake katika kitabu hicho. Wakiambiwa hayupo, waandike ni nani aliyesema hivyo na saa ngapi.

Haki zake ziko kwenye Kifungu cha 49. Aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuzungumza na wakili. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi. Ndiyo maana kukamata watu Ijumaa jioni ni mtindo. Maandamano yenu yawe Jumanne au Jumatano ikiwezekana. Polisi hawapaswi kupekua data iliyo ndani ya simu yake bila amri ya mahakama, na yeye asikubali kuifungua "ili mambo yaishe haraka". Hayaishi haraka. Asitie sahihi taarifa yoyote kabla ya wakili kufika.

Nyumbani kwake apelekewe habari na mtu anayemfahamu mamake, ana kwa ana. Asijue kupitia mtandao wa X.

Pesa zitoke wapi?

Michango midogo ya watu wengi, kama harambee yoyote. 2024 mamilioni ya shilingi yalichangwa kwa simu kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa, na yaliyofanya watu waendelee kuchanga ni hesabu zilizowekwa hadharani. Usitumie laini ya mtu mmoja. Tumieni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu. Mwanasiasa akileta pesa, mshukuru na umrudishie.

Sisi tuko Tanzania au Uganda. Majibu haya yanatufaa?

Ya simu na picha, ndiyo. Ya sheria, hapana. Tanzania polisi wanatakiwa kujulishwa saa 48 kabla na wanaweza kuzuia, na 29 Oktoba 2025 mtandao ulizimwa kwa kama siku tano huku watu wakiuawa barabarani. Hatuwezi kumshauri mtu wa Mwanza kwa mdomo wa Nairobi. Anza na mawakili wa huko. Uganda, Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 8 cha sheria ya mikusanyiko ya umma kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia, ingawa barabarani hali ni nyingine.

Uganda ina somo jingine. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Watu waliandamana Kampala tarehe 11 mwezi huo, mwanamuziki na mbunge Bobi Wine akiwemo, wakatawanywa kwa vitoa machozi na risasi. Kodi haikuondoka wiki hiyo, wala mwaka huo. Iliondoka 2021, na mahali pake ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Watu wengi walikuwa wamehamia VPN na kukataa kulipa. Anayetarajia ushindi wa Jumanne kwa Jumatano atavunjika moyo.

Niko ughaibuni. Nisaidieje?

Hifadhi nakala za video kwa utaratibu, lipia muda wa wakili, na usitaje jina la mtu aliye nyumbani kabla ya kumuuliza.

Naogopa. Nije?

Sisi pia tunaogopa. Ukija kwa aibu ya kuitwa mwoga, utakuwa hatarini na utawatia wengine hatarini. Kuna kazi ya daftari, ya kupika chai ya wanaotoka seli, ya kukaa na watoto, ya kusimama nje ya kituo cha polisi usiku ukiwa umevaa kama mtu anayesubiri ndugu yake, na kweli unamsubiri. Aliyefanya kazi hizo ameandamana.

Orodha za majina mnazifanyia nini baadaye?

Hatuandikishi waliohudhuria. Wafadhili wengine hutaka orodha yenye majina, nambari za vitambulisho na sahihi. Tunawapa idadi na picha ya viti. Hatuwezi kuidai serikali ilinde data za watu huku begi letu likiwa na karatasi yenye majina ya mtaa mzima.

Daftari la mtu wa nyumbani ndilo pekee lenye majina. Linakaa kwake mpaka kila aliyeandikwa ametoka seli, au wakili amechukua anachohitaji kwa kesi. Kisha tunakutana uani kwa mtu, tunayasoma majina kwa sauti mara ya mwisho kuhakikisha hakuna aliyesahauliwa ndani, na kurasa zinaingia kwenye jiko la makaa.